Alama Juu ya Herufi: Besi za DNA, Udhibiti wa Jeni na Wajibu wa Istilahi za Kiswahili

1. Utangulizi

Miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu humfundisha msomaji jambo moja mapema: herufi peke yake haitoshi. Mswada wa Utendi wa Tambuka wenye tarehe ya mwaka 1728 ni miongoni mwa miswada hiyo, na kila aliyewahi kufundishwa kusoma hati ya namna hiyo anajua kwamba mifupa ya neno ni konsonanti, na uhai wake ni irabu. Konsonanti mbili, kafu na ta, zikiachwa tupu, zinaweza kusomwa kata, kuta, kiti, keti au kete. Alama ndogo juu au chini ya herufi ndiyo inayoamua. Na kwa kuwa hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu ilhali Kiswahili kina irabu tano, walitokea wataalamu, akiwamo Mwalimu Sikujua wa Mombasa katika karne ya 19, waliobuni alama za ziada ili e isichanganywe na i, wala o na u. Hawakuigusa herufi yenyewe. Waliongeza alama tu, na usomaji ukabadilika.

Mhadhara huu unahusu maandishi ya aina nyingine ambayo nayo yana herufi chache na alama juu yake. Maandishi hayo ni DNA, na alama zinazozungumziwa ni vikundi vidogo vya kikemia vinavyopachikwa kwenye besi zake. Wanabiolojia huziita besi hizo kwa jina ambalo, likifasiriwa haraka, huwa "besi zilizobadilishwa". Tafsiri hiyo inaonekana haina kosa. Hata hivyo, neno badiliko limekwishazoeleka katika vitabu vya shule na katika maelezo ya afya kwa maana ya kosa au mgeuko katika mfuatano wa jeni, yaani pale herufi moja inapokaa mahali pa nyingine. Kwa hiyo mambo mawili yaliyo mbali kimaumbile yanabebeshwa neno moja. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mkanganyiko huo una gharama: anayeambiwa kuwa jeni "imebadilika" huelewa kuwa jambo limekwisha, na anayeambiwa kuwa jeni "imetiwa alama" anaweza kuuliza kama alama hiyo hufutika. Ili kuonyesha hilo, itabidi kwanza kueleza alama zenyewe ni nini na zinafanya kazi gani, kisha kurudi kwenye lugha.

2. Herufi nne na nyongeza zake

DNA ni uzi mrefu wa nyuzi mbili zilizosokotana. Kila uzi umejengwa kwa besi nne: adenini, thimini, guanini na sitosini. Adenini hukabiliana na thimini, guanini hukabiliana na sitosini, na kwa sababu hiyo kila uzi ni kivuli cha mwenzake. Seti moja ya maandishi ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, na karibu kila seli ya mwili imebeba seti mbili, moja ya mama na moja ya baba.

Hapa ndipo penye fumbo la msingi. Seli ya ini na seli ya ubongo za mtu mmoja zina maandishi yale yale, lakini ini halifikiri na ubongo hausagi sumu. Tofauti yao haitokani na yale yaliyoandikwa, bali na yale yanayosomwa. Jeni inayosomwa hunakiliwa kwanza katika RNA, kisha ujumbe huo hutafsiriwa kuwa protini. Jeni isiyosomwa hukaa kimya, kama ukurasa uliofungwa. Udhibiti wa jeni ni elimu ya kueleza kurasa zipi zinafunguliwa, lini, na katika seli ipi.

Mwaka 1948, Rollin Hotchkiss alikuwa akichambua DNA iliyotolewa katika tezi ya ndama kwa njia ya kutenganisha kemikali kwenye karatasi. Mbali na besi nne zilizotarajiwa, aliona doa dogo lililokaribiana na doa la sitosini lakini halikuwa sitosini ya kawaida. Lilikuwa sitosini yenye nyongeza ya methili, yaani atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni. Miaka minne baadaye, mwaka 1952, Gerard Wyatt na Seymour Cohen walionyesha kuwa baadhi ya virusi vinavyoshambulia bakteria havitumii sitosini ya kawaida kabisa. Mahali pake vimeweka sitosini yenye nyongeza ya haidroksimethili. Bakteria nao wana alama zao, nyingi zikiwa juu ya adenini. Alama hizo huwasaidia kutambua DNA iliyo yao, na DNA ngeni isiyo na alama hukatwakatwa na vimeng'enya vya ulinzi. Ugunduzi wa vimeng'enya hivyo vinavyokata DNA uliwapatia Werner Arber, Daniel Nathans na Hamilton Smith Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Jambo la kuzingatia ni hili: sitosini iliyotiwa methili bado ni sitosini. Inakabiliana na guanini kama kawaida, na mnyororo wa protini unaoelezwa na jeni haugeuki. Herufi imebaki ile ile.

3. Alama na usomaji wa jeni

Kwa muda wa robo karne baada ya Hotchkiss, alama hizo zilijulikana kuwapo bila kazi yake kufahamika vyema. Mwaka 1975, Arthur Riggs nchini Marekani, na kwa upande mwingine Robin Holliday na John Pugh nchini Uingereza, walichapisha pendekezo linalofanana. Walisema kwamba methili juu ya DNA yaweza kuwa njia ya seli kukumbuka jeni zipi zinyamaze, na kwamba kumbukumbu hiyo yaweza kurithishwa kutoka seli mama kwenda seli zinazozaliwa kwa mgawanyiko.

Ufunguo wa pendekezo lao ulikuwa katika mpangilio wa herufi. Kwa mamalia, methili hupachikwa hasa kwenye sitosini inayofuatwa na guanini. Palipo na jozi hiyo katika uzi mmoja, pana jozi ile ile katika uzi wa pili ikisomwa kutoka upande wa pili. Hivyo kila mahali pa alama pana nafasi mbili zinazotazamana. Seli inapogawanyika, kila uzi wa zamani hupata mwenza mpya asiye na alama. Hapo hutokea kimeng'enya kinachotafuta mahali ambapo uzi mmoja una alama na mwingine hauna, kikaijaza nafasi iliyo tupu. Kazi yake ni kama ya mnakili wa mswada anayemaliza kwanza konsonanti za mstari, kisha akarudi na kalamu kutia irabu kwa kufuata nakala iliyo mbele yake. Kwa binadamu kimeng'enya hicho huitwa DNMT1. Vingine viwili, DNMT3A na DNMT3B, hutia alama mahali ambapo hapakuwa nayo kabla.

Umuhimu wa kazi hii ulidhihirika mwaka 1992, pale En Li, Timothy Bestor na Rudolf Jaenisch walipoharibu jeni ya kimeng'enya cha unakili wa alama katika panya. Viinitete vilivyokosa kimeng'enya hicho vilikufa katikati ya ujauzito. Herufi zao zote zilikuwa kamili, lakini mwili haukuweza kujengwa kwa kuwa alama zilikuwa zimepungua mno.

Maandishi ya binadamu yana jozi za aina hiyo zipatazo milioni 28, na katika seli nyingi kati ya asilimia 70 na 80 zimetiwa alama. Zile zisizo na alama hazikutawanyika ovyo. Nyingi zimekusanyika katika vipande vifupi ambavyo wanasayansi huviita visiwa, na zaidi ya nusu ya jeni za binadamu zina kisiwa cha namna hiyo mahali usomaji unapoanzia. Kisiwa kikiwa wazi, jeni yaweza kusomwa. Kikijazwa alama, jeni kwa kawaida hunyamaza, na ukimya huo hudumu. Kwa njia hiyo, pamoja na nyingine, kromosomu moja kati ya mbili za X za mwanamke hutunzwa katika hali ya kimya, na virusi vya kale vilivyojipenyeza katika DNA ya mababu hufungiwa visiamke.

Mambo yanapokwenda kombo, athari zake ni kubwa. Katika saratani nyingi, visiwa ambavyo hubaki wazi katika seli zenye afya hujazwa alama, na jeni za kuzuia uvimbe zikanyamazishwa ingawa herufi zake hazina kosa lolote. Kwa kuwa kilichoongezwa ni alama, yawezekana kukipunguza. Dawa ya azasitidini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2004 kwa kundi la magonjwa ya uboho, hufanya kazi kwa kuvinasa vimeng'enya vinavyotia methili, na alama zikapungua kadiri seli zinavyogawanyika.

Mwaka 2009 picha ilipanuka zaidi. Makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalionyesha kuwa sitosini yenye haidroksimethili, ile iliyojulikana katika virusi tangu 1952, imo pia katika seli za mamalia, na kwa wingi katika seli fulani za ubongo. Kundi mojawapo lilionyesha kwamba hutengenezwa na kimeng'enya cha jamii ya TET kutoka katika methili ya kawaida. Mwaka 2011 zikaonekana hatua mbili zaidi za mnyororo huo, ambazo mwisho wake herufi iliyobeba alama hung'olewa na sitosini safi ikawekwa mahali pake. Kwa hiyo seli ina vitendea kazi vya kutia alama, vya kuinakili, na vya kuifuta.

4. Nukta ya kimelea

Si kila alama ni methili, na si kila alama hufanya kazi ya kunyamazisha jeni. Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki umo katika kimelea cha malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria nchini Uganda. Kimelea chake, tripanosoma, huishi ndani ya damu mbele ya macho ya kinga ya mwili, na husalimika kwa kubadili joho. Ana jeni zaidi ya elfu moja za protini ya joho hilo, lakini huvaa moja tu kwa wakati. Kinga inapolitambua joho la kwanza, tayari baadhi ya vimelea wamekwishavaa la pili.

Mwaka 1993 maabara ya Piet Borst mjini Amsterdam ilitangaza kuwa imepata katika DNA ya kimelea huyu besi ambayo haikuwa ikijulikana. Ilikuwa thimini iliyoongezewa nyongeza mbili, ya pili ikiwa ni glukosi, yaani sukari. Ikapewa jina la besi J. Ilionekana kwa kimelea aliye katika damu, lakini si kwa yule aliye ndani ya mbung'o. Tena ilikutwa katika maeneo ya jeni za joho yaliyonyamaza, na haikuwamo katika lile lililokuwa likisomwa. Binadamu hana besi hiyo.

Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba besi J ndiyo inayozinyamazisha jeni za joho. Lakini tripanosoma walioondolewa uwezo wa kuitengeneza waliendelea kuishi, na jeni zao za joho hazikulipuka kwa pamoja. Alama iliandamana na ukimya. Haikuthibitika kuwa ndiyo sababu yake. Jibu lililo wazi zaidi lilipatikana kwa binamu wa kimelea huyo, leishmania, ambaye jamii yake husababisha kala-azar katika maeneo kama Baringo na Turkana nchini Kenya. Mwaka 2012, uchunguzi uliofanywa kwa spishi ya leishmania inayoishi kwa mijusi ulionyesha kuwa besi J hukaa pale ambapo unukuzi wa msururu wa jeni unatakiwa kukoma. Ilipopunguzwa, unukuzi ulipita mpaka wake na kuingia kusikohusika. Kama methili ya mamalia inafanana na irabu, basi besi J ya leishmania inafanana na nukta mwishoni mwa sentensi.

Mfano huu una funzo la kimbinu ambalo wanaisimu hawatalistaajabia. Alama moja haina maana yenyewe kwa yenyewe. Maana yake hutegemea mahali ilipokaa na mfumo unaoisoma.

5. Msomaji anapokosekana

Ikiwa alama ni maandishi, lazima awepo wa kuyasoma. Mwaka 1992 maabara ya Adrian Bird mjini Edinburgh ilieleza protini iitwayo MeCP2, ambayo hushika DNA pale penye sitosini yenye methili. Miaka saba baadaye protini hiyo ilijitokeza mahali pasipotarajiwa.

Mwaka 1966 daktari Andreas Rett wa Vienna alikuwa ameeleza hali inayowapata hasa watoto wa kike. Mtoto huzaliwa na kukua vizuri kwa miezi 6 hadi 18. Kisha hupoteza maneno machache aliyojifunza, huacha kushika vitu kwa mikono, na badala yake mikono husuguana bila kikomo. Hali hii humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto wa kike 10,000. Mwaka 1999 kundi la Huda Zoghbi mjini Houston lilionyesha kuwa chanzo chake kwa watoto wengi ni badiliko katika jeni ya MeCP2.

Maelezo haya yanadai uangalifu wa lugha. Katika ugonjwa wa Rett pana badiliko halisi la herufi, lakini limetokea katika jeni moja tu, ile ya protini inayosoma alama. Alama zenyewe zimo katika seli za ubongo. Jeni nyingine zote zimeandikwa sawasawa. Kilichokosekana ni msomaji. Mwaka 2007 maabara ya Bird ilichapisha matokeo ya jaribio kwa panya waliokosa MeCP2 na kuonyesha dalili za ugonjwa. Jeni yao iliporudishwa katika hali ya kufanya kazi, hata baada ya dalili kukomaa, panya wengi walipata nafuu kubwa. Seli za ubongo hazikuwa zimekufa; zilikuwa zikingoja kusomewa. Matokeo hayo ya panya si tiba ya mtoto, na hayafai kutangazwa hivyo. Hata hivyo, yalibadili swali la utafiti: likawa si tena kama hali hiyo yaweza kurekebishika kimsingi, bali ni kwa njia gani.

Mwalimu au mkalimani anayemweleza mzazi habari hizi kwa neno moja la badiliko kwa kila kitu atakuwa amemnyima mzazi huyo kiini cha maelezo.

6. Njaa, majira na hatari ya kusema zaidi ya ushahidi

Eneo ambalo habari za alama za DNA zimewafikia wengi ni lile la athari za mazingira. Katika kipupwe cha mwaka 1944 hadi 1945, sehemu ya magharibi ya Uholanzi ilikumbwa na njaa kali wakati wa vita. Mwaka 2008 Bastiaan Heijmans na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa hiyo. Miongo sita baadaye, jeni yao ya IGF2, inayohusika na ukuaji, ilikuwa na methili pungufu kidogo ikilinganishwa na ya ndugu zao wa jinsia moja ambao hawakuguswa na njaa. Mwaka 2014 uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Gambia ulionyesha kuwa chakula cha mama katika msimu wa kutunga mimba, wa mvua au wa kiangazi, kinahusiana na kiasi cha methili katika baadhi ya maeneo ya DNA ya mtoto.

Matokeo haya ni ya thamani, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuyatumia vibaya. Tofauti zilizopimwa ni ndogo, na zinaonekana kwa wastani wa makundi. Hazimwambii mtu mmoja hatima yake. Aidha, kwa mamalia, alama nyingi hufutwa mara baada ya yai kurutubishwa na huandikwa upya kiinitete kinapokua, isipokuwa chache zinazolindwa. Kwa hiyo kusema kwamba njaa ya bibi "imeandikwa katika damu" ya mjukuu ni kuvuka mpaka wa ushahidi.

Kiswahili kina hazina kubwa ya misemo ya damu, nasaba na asili. Misemo hiyo ina heshima yake katika ushairi na katika mazungumzo ya ukoo. Inapoingizwa katika maelezo ya kisayansi bila kuchujwa, hugeuza uwezekano kuwa hukumu, na mara nyingi hukumu hiyo humwangukia mama kwa vile alivyokula au alivyokosa kula. Istilahi makini ni kinga dhidi ya dhuluma ya aina hiyo.

7. Istilahi: kutenga dhana, kuchagua umbo

Kutokana na yaliyoelezwa, dhana zinazohitaji kutengwa ni tatu. Ya kwanza ni mgeuko wa mfuatano, ambapo herufi moja huchukua mahali pa nyingine, huongezeka au hupotea. Neno badiliko limekwishajipatia makao hapo, na hakuna sababu ya kulihamisha. Ya pili ni nyongeza ya kikemia juu ya herufi isiyogeuka. Kwa dhana hii linapendekezwa neno alama, na besi husika ziitwe besi zenye alama. Ya tatu ni kutumika kwa jeni katika seli, na hapo neno usomaji linatosha, hasa kwa kuwa unukuzi na tafsiri ni maneno yaliyokwishatoka katika fani ya maandishi na kuingia katika biolojia.

Huenda ikadaiwa kwamba utohozi ungetosha, yaani kusema umethilishaji na kuishia hapo. Utohozi una nafasi yake: methili, sitosini na glukosi ni majina ya vitu na yafaa kubaki. Lakini umethilishaji hutaja aina moja tu ya alama. Besi J haina methili peke yake, na sitosini ya kundi la TET ina zaidi ya methili. Neno la jumla linahitajika juu ya majina ya aina, kama vile Kiswahili kinavyohitaji neno irabu juu ya fataha, kasra na dhumma.

Faida nyingine ya alama ni kwamba hukubali vitenzi vya kila siku: kutia, kunakili, kufuta, kusoma. Wanabiolojia wenyewe huyagawa makundi ya protini hizi kwa sura ya mwandishi, mfutaji na msomaji. Hapa sarufi ya Kiswahili inadai uamuzi ambao lugha nyingine hazilazimiki kuufanya. Nomino za watendaji katika ngeli ya M-WA, kama mwandishi na msomaji, huleta picha ya kiumbe mwenye nia. Protini haina nia. Ngeli ya KI-VI, kwa upande mwingine, imekwishazoeleka kwa vitendea kazi: kipaza sauti, kinasa sauti. Kwa kufuata ruwaza hiyo hupatikana kitia alama, kinakili alama, kifuta alama na kisoma alama. DNMT3A ni kitia alama, DNMT1 ni kinakili alama, vimeng'enya vya TET ni vifuta alama, na MeCP2 ni kisoma alama. Mwanafunzi anayekutana na maneno haya kwa mara ya kwanza hahitaji kamusi ili kukisia kazi zake.

Yafaa kukiri kwamba mpaka kati ya alama na badiliko una mlango mmoja. Sitosini yenye methili huelekea, kwa ajali ya kikemia, kugeuka kuwa thimini. Kwa sababu ya ajali hizo zilizorudiwa katika mamilioni ya miaka, jozi za sitosini na guanini katika DNA ya binadamu zimebaki takriban humusi ya zile ambazo zingetarajiwa. Hapo alama imezaa badiliko. Lakini sentensi hiyo yenyewe inaandikika tu pale lugha inapokuwa na maneno mawili.

Hali kadhalika, mfano wa irabu una kikomo. Irabu hutiwa na mwandishi kwa ajili ya msomaji, nayo huipa konsonanti sauti. Methili haina mwandishi mwenye kusudi, na mara nyingi huondoa sauti. Mfano huo ufae kufundishia, usigeuzwe kuwa istilahi.

8. Hitimisho

Kiswahili hakikuanza jana kujenga msamiati wa sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kabla ya hapo, tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba maneno mengi ya kamusi hiyo yamekaa kama jeni zilizofungwa: yameandikwa kwa usahihi, yamehifadhiwa vyema, na hayasomwi.

Kwa sababu hiyo, istilahi zinazopendekezwa hapa hazitakuwa zimekamilika zitakapoingizwa katika orodha. BAKITA na taasisi za Kiswahili za vyuo vikuu zaweza kuzipima na kuzisanifu, lakini kipimo chake cha mwisho kiko mahali pengine: katika darasa la biolojia ambalo mwalimu hueleza kwa Kiswahili kile ambacho kitabu kimesema kwa Kiingereza, katika habari za afya za redio, na katika chumba cha daktari. Huko ndiko mzazi wa mtoto aliyepoteza maneno yake huuliza kilichotokea. Anastahili kuambiwa kwa lugha yake ni herufi gani iliyobadilika, ni alama zipi zilizosalia, na ni nini kilichokosekana katika kuzisoma. Kiswahili kina maneno ya kutosha kumjibu bila kumdanganya wala kumkatisha tamaa. Kilichobaki ni wataalamu wake kuyatenganisha, na walimu na wakalimani kuyatumia.